Picha ya Kifua Kolwezi: Masomo na Kazi za Upigaji Picha za Kitabibu

Upigaji picha za kitabibu ni kazi ya kuutazama mwili kwa ndani bila kuupasua. Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, picha ya mionzi huitwa radio, kwa kufuata Kifaransa. Dar es Salaam na Mombasa huitwa eksirei. Kitu ni kimoja. Mgonjwa husimama mbele ya ubao, mlio mfupi husikika, na baada ya dakika chache mbavu, moyo na mapafu yake huwa yamo kwenye kioo cha kompyuta. Aliyeitoa picha hiyo si daktari aliyeandika karatasi, wala nesi aliyemsindikiza mgonjwa. Ni fundi wa picha, mwenye masomo yake, mitihani yake na cheti chake, ambaye mgonjwa hapati hata nafasi ya kumjua jina, kwa kuwa hukutana naye dakika kumi tu na kuagana.

Mionzi yenyewe iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895, na haukupita mwaka kabla madaktari wa Ulaya hawajaanza kuitumia kutafuta risasi na mifupa iliyovunjika. Hospitali ya Mengo, Kampala, ilipata mashine yake mwaka 1907. Namna mionzi inavyozalishwa leo ni hii: ndani ya bomba lisilo na hewa, waya uliopashwa moto hurusha elektroni, elektroni hizo hugonga kipande cha tungsteni, na katika mgongano huo sehemu isiyofika asilimia 1 ya nishati hugeuka mionzi. Iliyobaki yote ni joto. Mionzi ikipita mwilini, mfupa wenye kalisi nyingi huizuia na kutokea mweupe. Hewa ya mapafu huiachia ipite na kutokea nyeusi. Skana ya CT, iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza mjini London mwaka 1971, hutumia mionzi hiyohiyo, ila bomba lake humzunguka mgonjwa na kompyuta huupanga mwili vipande vipande kama mkate uliokatwa. Ultrasaundi, ambayo Wakongo huiita ekografi au eko tu, haina mionzi kabisa. Hutuma sauti isiyosikika na kungoja mwangwi wake. MRI hutumia sumaku kali pamoja na mawimbi ya redio.

Ardhi ya ukanda wa shaba, ambako Kolwezi iko, imo ndani ya mashine hizi. Katika mabomba madogo ya eksirei, kipande cha tungsteni hushikwa na bonge la shaba ili lile joto lipate pa kukimbilia. Nyuzi za sumaku ya MRI, ambazo ni mchanganyiko wa niobi na titani, hulazwa ndani ya shaba, na kuta za chumba chake huvikwa mabati ya shaba ili mawimbi ya nje yasiingie kuvuruga picha. Kobalti, ambayo zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani hutoka Kongo, ikiwekwa ndani ya tanuri la nyuklia hugeuka kuwa kobalti-60, na tangu mwaka 1951, ilipoanza kutumika hospitalini Kanada, imetibu saratani katika mabara yote. Kabla ya kobalti ilikuwapo radiamu. Mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yalisafirishwa hadi kiwanda cha Oolen, Ubelgiji, kilichoanza kutoa radiamu mwaka 1922 na kuzilisha hospitali za Ulaya.

Ujuzi haukusafiri kwa kasi ya madini. Kolwezi ilianzishwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1937 kama mji wa mgodi, na kampuni hiyo ilijenga hospitali kwa ajili ya wafanyakazi wake na jamaa zao, hospitali ambazo baadaye ziliangukia mikononi mwa Gécamines, shirika la serikali lililorithi migodi baada ya kutaifishwa mwaka 1967. Waafrika walifunzwa kuwa wauguzi na wasaidizi wa udaktari, na hapo ndipo mlango ulipofungwa. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 haikuwa na daktari hata mmoja Mkongo mwenye shahada ya chuo kikuu. Wasaidizi kadhaa walipelekwa haraka Ufaransa kukamilisha masomo ya udaktari, huku chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kikitoa madaktari wake wa kwanza. Pengo la namna hiyo haliishi kwa kizazi kimoja, na katika fani inayodai fizikia, mashine za bei kubwa na walimu waliobobea, huchelewa zaidi kuzibika kuliko kwingine.

Leo kazi ya picha imegawanyika kwa watu kadhaa, na kijana anayeitamani hana budi kujua anataka kuwa nani. Fundi wa picha, anayeitwa radiografa katika nchi za Afrika Mashariki, ndiye anayempanga mgonjwa, anayechagua kipimo cha mionzi na anayetoa picha. Daktari bingwa wa radiolojia ndiye anayeisoma na kuandika ripoti. Mtaalamu wa ultrasaundi hufanya yote mawili kwa wakati mmoja, kwa maana picha ya eko huonekana na kutoweka mkono unapotembea tumboni. Asiyeielewa papo hapo hana cha kumpelekea mwingine asome. Wako pia mwanafizikia wa tiba, anayepima mionzi, na fundi wa mashine za hospitali, ambaye bila yeye wote waliotangulia hukaa wakitazamana.

Njia ya fundi wa picha huanzia shule ya sekondari. Masomo yanayofaa zaidi ni ya sayansi: kemia na biolojia, au hisabati na fizikia. Mwisho wake ni mtihani wa Serikali, unaojulikana na kila familia ya Kongo kwa jina la Exetat, na anayepata asilimia 50 au zaidi hupewa diploma ya Serikali, iliyo ufunguo wa chuo chochote. Wengine hupitia shule ya sekondari ya uuguzi, ITM, na kutoka na ngazi ya A2. Ngazi hizi za A2, A1 na A0 ndizo lugha ya hospitali za Kongo: A2 ni wa sekondari, A1 ni wa miaka 3 ya chuo, A0 ni aliyeongeza miaka 2 juu yake. Mgonjwa hazioni, lakini kazini ndizo zinazoamua mshahara na nani amwambie nani afanye nini.

Vyuo vinavyofundisha kazi hizi ni hasa vile vya ufundi wa tiba, Institut Supérieur des Techniques Médicales, ambavyo watu huviita ISTM. Cha Kinshasa kina idara yake ya picha za kitabibu. Lubumbashi, kilomita 300 hivi kutoka Kolwezi, nako kuna ISTM na kuna Chuo Kikuu cha Lubumbashi chenye kitivo cha udaktari. Masomo ni ya Kifaransa. Mwaka wa kwanza huwa mgumu kwa walioingia wakidhani wamekuja kujifunza kubonyeza kitufe: wanakutana na anatomia ya kila mfupa na kila mshipa, fizikia ya mionzi, fiziolojia na umeme. Kisha huja mbinu za kupiga picha, kinga dhidi ya mionzi, magonjwa na namna yanavyoonekana, na miezi ya mazoezi hospitalini.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wazazi wengi, na linastahili kuelezwa polepole. Kwa mfumo wa zamani mwanafunzi alisoma miaka 3 akapata graduat, akaongeza 2 akapata licence. Tangu mwaka wa masomo 2021–2022 vyuo vya Kongo vilianza kuhamia mfumo wa LMD, ambamo licence hupatikana kwa miaka 3 na krediti 180, na master kwa miaka 2 zaidi na krediti 120. Neno licence limebaki lilelile, uzito wake umebadilika. Mwajiri anayesoma cheti, au chuo cha nje kinachotaka kukilinganisha na vyake, lazima aangalie mwaka kilipotolewa. Mwenye cheti naye anafanya vyema kutunza orodha ya masomo na alama za kila mwaka tangu siku ya kwanza, maana kuitafuta orodha hiyo miaka 10 baadaye ni safari ya kuchosha.

Vyuo vya binafsi vinavyotangaza masomo ya tiba ni vingi, na si vyote vina kitu ndani. Kabla ya kulipa ada, familia ina haki ya kuuliza kama chuo kinatambuliwa na wizara ya elimu ya juu, mazoezi yanafanyika hospitali gani na kwa wiki ngapi, na kama mwanafunzi ataigusa mashine kwa mkono wake. Anayehitimu fani ya picha kwa kusoma madaftari peke yake amedhulumiwa, na wagonjwa wake watadhulumiwa baada yake. Si jambo geni, katika hospitali ndogo, kitufe cha eksirei kubonyezwa na mtu aliyeonyeshwa tu na aliyemtangulia, ambaye naye alionyeshwa na mwingine. Picha zinatoka. Ila nyingi hurudiwa, na kila kurudia ni mionzi iliyomwingia mtu bure.

Tofauti ya aliyesoma na asiyesoma huonekana wazi katika picha ya kawaida kabisa, ya kifua. Mgonjwa huvua shati, mkufu na chochote chenye chuma, na mwanamke mwenye umri wa kuzaa huulizwa kwanza kama ana mimba. Husimama kifua kikiwa kimegusa ubao, mgongo ukiwa upande wa bomba, umbali wa sentimita 180 hivi. Kwa nini kifua mbele? Kwa sababu moyo uko upande wa mbele, na kitu kilicho karibu na ubao hakikuzwi na kivuli chake. Moyo uliopigwa kinyume huonekana mkubwa kuliko ulivyo, na daktari anaweza kumwandikia mtu mzima dawa za ugonjwa asio nao. Kidevu huinuliwa. Mikono huwekwa kiunoni na mabega husukumwa mbele, ili mifupa ya bega iondoke juu ya mapafu. Alama ya chuma ya kulia au kushoto hubandikwa pembeni, kwa kuwa wako watu wachache ambao moyo wao uko kulia, na picha isiyo na alama haiwezi kuwatofautisha na picha iliyogeuzwa.

Kisha huja maneno, na hapo Kifaransa cha darasani hakisaidii. Mchimbaji aliyetoka mtaa wa Kapata au Musonoi anaambiwa kwa Kiswahili: vuta pumzi, ishike, usisogee. Fundi anamtazama kupitia kioo cha risasi na kubonyeza pale mabega yanapotulia. Sasa pumua. Picha ikitokea, fundi huhesabu mbavu za nyuma zilizo juu ya kiwambo: zikifika 10, pumzi ilivutwa barabara, zikiwa 7, sehemu ya chini ya mapafu imejikunja na itaonekana kama imeugua. Huangalia ncha za mifupa ya mtulinga kama ziko mbali sawa kutoka uti wa mgongo, maana mwili uliopinda hata kidogo hulifanya pafu moja lionekane jeusi kuliko jingine. Ukaguzi huu wote hauchukui nusu dakika kwa mwenye kuuzoea. Kuuzoea huko ndiko kunakochukua miaka mitatu.

Katika Lualaba picha ya kifua ina uzito ambao haina katika miji mingine. Mawe yenye shaba na kobalti yana pia kwatzi, na kwatzi ikisagwa hutoa vumbi la silika, laini kiasi cha kufika mwisho wa pafu na kubaki humo. Pafu hulizungushia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, mara nyingi huchukua zaidi ya miaka 10 kujitokeza, hauna tiba ya kuuondoa, na huendelea hata baada ya mtu kuacha mgodi. Mwenye silikosisi huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, na Kongo ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Magonjwa haya mawili hukutana katika pafu moja, na vivuli vyao hufanana: madoa madogo sehemu ya juu ya mapafu. Kosa la kuyatofautisha humfanya mtu ameze dawa za kifua kikuu kwa miezi 6 huku akirudi kwenye vumbi, au aambiwe ana vumbi huku akiwaambukiza watoto wake nyumbani.

Shirika la Kazi Duniani limeweka mfumo wake wa kusoma picha hizi, na kuujua ni ujuzi unaolipa katika ukanda wa migodi. Msomaji hulinganisha picha ya mfanyakazi na seti ya picha za mfano. Madoa ya mviringo huandikwa p yasipozidi milimita 1.5, q yakiwa kati ya 1.5 na 3, na r yakifika hadi 10. Yasiyo na umbo maalumu huandikwa s, t au u. Wingi wake hupangwa kwa ngazi 12, kuanzia 0/- hadi 3/+, ambapo tarakimu ya kwanza ni uamuzi wa msomaji na ya pili ni ile aliyoifikiria kwa dhati kabla ya kuamua. Uaminifu huo wa kuandika shaka yako mwenyewe ni wa nadra katika karatasi za ofisi, na ni jambo zuri. Tangu mwaka 2011 mfumo unakubali pia picha za kidijitali. Lakini haufanyi kazi juu ya picha mbaya: mionzi ikizidi, madoa ya p hufutika, ikipungua, mishipa ya kawaida huonekana kama madoa.

Si kila anayeumia Lualaba anaumia polepole. Wachimbaji wa mkono, wanaoitwa creuseurs, hushuka katika mashimo yasiyo na nguzo, hata chini ya nyumba, kama ilivyokuwa mtaa wa Kasulo baada ya kobalti kugunduliwa humo mwaka 2014. Mwezi Juni 2019 udongo uliporomoka katika machimbo ya wazi karibu na Kolwezi na kuua watu wasiopungua 43. Kwa aliyefukuliwa akiwa hai, kipimo cha kwanza ni eko: kichwa cha mashine huwekwa sehemu nne, chini ya chembe cha moyo, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na juu ya kibofu, kutafuta utepe mweusi ulio damu iliyovuja. Humaliza dakika chache na hueleza kama mtu huyo anahitaji kisu usiku huohuo. Mashine ya eko hubebwa mkononi, huweza kutumia betri, na bei yake iko chini sana ya ile ya skana. Ndiyo maana wakunga na wauguzi wengi huanza safari ya fani hii kupitia hapo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apigwe eko moja kabla ya wiki ya 24, pendekezo lisilotekelezeka pasipo watu wengi waliofunzwa. Kampala iko taasisi ya Ernest Cook, ndani ya hospitali ya Mengo, iliyojengwa hasa kwa ajili ya mafunzo ya ultrasaundi.

Anayeingia katika chumba cha mionzi kila siku huapa kimoyomoyo kujilinda. Kanuni za kimataifa humruhusu mfanyakazi wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, ukipigiwa hesabu kwa miaka 5, bila kuvuka 50 katika mwaka mmoja wowote. Kwa mtu wa kawaida kiwango ni 1. Picha moja ya kifua ni sehemu ndogo sana ya milisivati 1, lakini skana ya tumbo huweza kukaribia 10. Fundi huvaa kifuani kipimo kidogo kinachokusanya alichopokea, na kipimo hicho husomwa baada ya kila kipindi. Kinga kubwa kuliko zote haina gharama: umbali. Ukisimama mbali mara mbili, mionzi inayokufikia hubaki robo. Aproni ya risasi nayo hutundikwa, haikunjwi, kwa sababu risasi iliyokunjwa hupasuka ndani bila nguo kuonyesha ufa, na anayeivaa hudhani amefunikwa. Kongo ina sheria yake ya kinga dhidi ya mionzi, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inayosimamiwa na kamati ya taifa ya kinga, CNPRI. Mwajiri asiyetoa vipimo vya kifuani anavunja sheria, na fundi anayekubali kukaa bila kipimo kwa kuogopa kupoteza kazi anapoteza ushahidi wake mwenyewe.

Njia ya daktari bingwa wa radiolojia ni ndefu zaidi. Kwanza udaktari wa kawaida, unaochukua miaka 6 hadi 7, halafu ubingwa wa miaka kadhaa katika hospitali ya chuo kikuu, Kongo au nje. Tanzania, Chuo Kikuu cha Muhimbili hutoa ubingwa huo kwa miaka 3 baada ya udaktari. Kwa kuwa mabingwa ni wachache na hukusanyika miji mikubwa, picha nyingi za mikoani husomwa na daktari wa kawaida aliyeziandikia, au hutumwa mbali kwa intaneti. Tangu miaka ya 1990 mashine karibu zote huzungumza lugha moja ya kompyuta, DICOM, hivyo picha iliyopigwa Kolwezi inaweza kufunguliwa Lubumbashi au Brussels bila kupoteza hata doa. Hilo limefungua kazi mpya: bingwa anayeishi mji mmoja na kusomea hospitali tano.

Kazi inayosahauliwa zaidi na vijana ni ya fundi wa mashine. Hospitali huchangiwa mashine kwa sherehe na hotuba, kisha bodi moja huungua na chumba hufungwa kwa miezi. Kolwezi ni mji uliojengwa juu ya umeme: mabwawa ya Nzilo na Nseke yako juu ya mto Lualaba, na waya mrefu kutoka bwawa la Inga, wa kilomita zipatazo 1,700, uliokamilika mwaka 1982, ulikuja kuishia hapohapo kwa ajili ya migodi. Hata hivyo umeme unaofika wodini hupanda na kushuka, na bomba la eksirei halivumilii. Anayejua elektroniki, kompyuta na mashine za tiba, akaweza kuweka kidhibiti cha umeme, kusoma ramani ya saketi na kutafuta kipuri Lusaka au Johannesburg, hakosi kazi. Mafunzo yake hupatikana katika vyuo vya uhandisi, na ufundi alioupata mtu katika karakana za migodi huhamia hospitalini bila shida kubwa.

Njia hiyo hupitika pia kinyume chake. Viwanda vya kusafisha shaba vina mabomba na matangi ya asidi ambayo maungio yake hupigwa picha kwa iridi-192 kutafuta nyufa. Ni radiografia ileile, mgonjwa akiwa chuma. Vipimo vya uzito wa tope la madini hutumia mara nyingi chanzo cha sezi-137. Mawe ya eneo hili nayo yana urani kidogo, kiasi kwamba mwaka 2018 uuzaji wa kobalti kutoka mgodi mmoja mkubwa wa Kolwezi ulisimamishwa kwa ajili ya urani iliyopatikana ndani yake. Kote huko hutakiwa ofisa wa kinga ya mionzi, na aliyesoma fizikia ya mionzi kwa ajili ya hospitali amekwisha kusoma sehemu kubwa ya anayohitaji. Kongo si ngeni kwa elimu hii: tanuri la utafiti la Kinshasa, Trico, lilianza kazi mwaka 1959, la kwanza Afrika.

Ajira hospitalini ina milango yenye sura tofauti. Hospitali ya umma, kama ile ya rufaa ya Mwangeji, humpa fundi wagonjwa wengi na uzoefu wa kila aina. Lakini katika utumishi wa afya wa Kongo kuna watu wengi wanaofanya kazi kwa miaka wakingoja namba ya utumishi na mshahara wa Serikali, wakiishi kwa posho ndogo inayotokana na malipo ya wagonjwa. Kumwachia mtu dhamana ya mionzi na kumlipa kwa namna hiyo ni makosa, na yanaonekana katika idadi ya waliohama. Hospitali za Gécamines na za makanisa zina taratibu zao. Kliniki za kampuni za migodi ndizo zinazotamaniwa. Nyingi hutaka Kifaransa na Kiingereza pamoja, uzoefu wa miaka kadhaa, na ujuzi wa uchunguzi wa wafanyakazi, ambao hupigwa picha wanapoajiriwa, kila kipindi fulani, na wanapoondoka.

Mpaka nao unavukika. Solwezi, Zambia, iko karibu na Kolwezi kuliko Kinshasa, na Lusaka kuna chuo cha Evelyn Hone kinachofundisha radiografia kwa Kiingereza. Makerere hutoa shahada ya radiografia, na chuo cha KMTC nchini Kenya hutoa diploma ya miaka 3. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na makubaliano ya kutambuliana vyeti ndiyo yanayongojwa na wengi. Kwa sasa anayevuka hufanya mtihani wa baraza la nchi aendako, baada ya vyeti vyake vya Kifaransa kutafsiriwa na kugongwa mihuri.

Kilichoanza hivi karibuni ni programu za kompyuta zinazosoma kifua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilizikubali kwa kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Zinatoa namba inayoonyesha uwezekano wa ugonjwa, na mwenye namba ya juu hupelekwa kupimwa makohozi. Zinafaa pale pasipo na bingwa. Hazimwambii mgonjwa avute pumzi, na bega lililoachwa juu ya pafu huzidanganya kama linavyomdanganya mtu.

Baada ya picha hubaki kuhifadhi. Mkongo ana jina, jina la pili la ukoo na jina la kwanza, na mpangilio wake hubadilika kutoka karatasi moja hadi nyingine. Fundi anayejua kazi huyaandika yote matatu, pamoja na tarehe ya kuzaliwa, kabla ya kubonyeza. Mfanyakazi anayeacha mgodi baada ya miaka 15, akitaka mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS, utambue kwamba ugonjwa wake umetokana na kazi, hupigwa picha ya mwisho, na daktari huitafuta ile ya siku aliyoajiriwa ili aziweke bega kwa bega. Iliyoandikwa nusu jina haipatikani.